Masharti ya pesa za kufundisha watafiti yamegeuka, lakini biro ya kuyajibu haiko

Watu wa Beni, Mangina, Katwa na Butembo hawajasahau vile vyumba vya plastiki ya kuonyesha ndani, ambamo mgonjwa wa Ebola alilala huku familia ikimwangalia kutoka nje. Katika vituo vya matibabu vya wakati ule, toka Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wagonjwa 681 waliingizwa katika utafiti ulioitwa PALM. Walijaribiwa dawa nne. Dawa mbili zilishinda nyingine, na kati ya wagonjwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, karibu tisa kwa kila kumi waliotibiwa kwa dawa hizo mbili walibaki hai. Moja ya dawa hizo, mAb114, ilitoka katika damu ya mtu wa Kikwit aliyepona Ebola mwaka 1995.

Utafiti ule uliongozwa na INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na taasisi za afya za serikali ya Marekani ambazo wengi wanaziita NIH. Makala iliyotoka mwisho wa 2019 katika gazeti kubwa la madaktari wa Marekani ina majina mengi, na jina la kwanza kabisa ni la Mkongomani, daktari Sabue Mulangu. Nyuma yake walikuwepo wauguzi, watu wa labo, watu wa kompyuta, watu wa kuzungumza na familia zilizokuwa na hasira na hofu. Watu hao hawakuota kama uyoga baada ya mvua. Walifundishwa kwa miaka, na mafunzo yao kuna mtu aliyeyalipa.

Ndiyo maana habari ambayo inaonekana ni ya wenye diplome peke yao inawahusu pia mama anayeishi katika familia ya wenyeji huko Sake na baba aliyerudi Rutshuru bila kukuta nyumba. Masharti ya kuomba pesa za kufundisha watafiti wa afya yamegeuka Marekani, na yamegeuka wakati mbaya kabisa kwa mashariki ya Kongo.

Zamani mambo yalikwenda hivi. Chuo kikuu cha Marekani kiliomba pesa NIH, mara nyingi kupitia kitengo chake cha kimataifa kinachoitwa Fogarty, kilichoanzishwa mwaka 1968. Chuo hicho kikapokea pesa zote, kikabaki na fungu lake, na fungu lingine kikalipitisha kwa mwenzake wa Afrika. Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa imefanya kazi miaka mingi na chuo cha North Carolina, kile cha Chapel Hill. INRB nayo imefanya kazi na chuo cha California, Los Angeles. Katika ushirikiano wa namna hiyo, daktari kijana wa Kongo aliweza kupata masomo ya juu, akajifunza kusoma chembe za virusi kwa mashine, akajifunza hesabu za magonjwa ya mlipuko, kisha akarudi kazini.

Tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ufadhili, uwe mpya, wa kurudishwa au wa kuendelea mwaka unaofuata, ikiwa ndani yake kuna fungu linalopitia taasisi moja kwenda kwa taasisi ya nchi ya kigeni. Ilisema itatengeneza utaratibu mwingine kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Kwa maneno mengine, mlango wa zamani ulifungwa kwanza, halafu ndipo fundi akaitwa kujenga mlango mpya. Baadaye ilifunguliwa njia ya muda kwa tafiti zinazohusu watu, ili wagonjwa walio katikati ya matibabu wasiachwe njiani. Mwezi wa tisa ikatangazwa aina mpya ya ombi: chuo kinachoongoza kinaandika sehemu yake, kila taasisi ya nje inaandika yake, kila moja inapata namba yake, na kila moja inajibu yenyewe mbele ya NIH juu ya kila dola.

Mtu akisikia hivyo anaweza kupiga makofi, na ana haki. Malalamiko ya Wakongomani kuhusu utaratibu wa zamani ni ya siku nyingi. Pesa zilisemwa ni za Kongo, lakini aliyeshika mfuko alikuwa ng'ambo. Mtafiti wa hapa alikusanya damu, akazungumza na vijiji, akalala katika barabara za tope, halafu alipohitaji kununua betri ya friji aliandika barua pepe kuomba ruhusa kwa mtu ambaye hajawahi kuona Walikale. Kumpa Mkongomani mkataba wake na namba yake ni jambo jema. Wanaosema mabadiliko yote ni njama dhidi ya Afrika hawasemi ukweli wote.

Pia Wamarekani wanaotaka kujua pesa zao zinaenda wapi hawakosei. Wakaguzi wa serikali yao walikwisha kusema kwamba pesa zinazopita mkono wa pili kwenda nchi za nje ni ngumu kufuatilia. Na huku Kivu nani hajui ile "Ebola business"? Watu waliona magari ya kukodi kwa bei ya ajabu, waliona posho zikitolewa kwa majina ambayo hayakufanya kazi. Machi 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu waziri wa zamani wa afya kwa kosa la kupoteza zaidi ya dola 400 000 za mapambano dhidi ya Ebola. Yeye alikana, lakini hukumu ilitoka. Kwa hiyo hakuna Mkongomani anayeweza kusimama na kusema kwamba ukaguzi ni matusi.

Tatizo liko mahali pengine, na halizungumzwi sana kwa sababu halina kelele. Pesa za moja kwa moja zinahitaji biro. Utafiti una daktari tayari, na mara nyingine una hata mashine. Lakini biro yenye mhasibu anayejua sheria za Marekani, yenye mtu anayeandika Kiingereza cha maombi, yenye umeme siku ya mwisho ya kutuma dosye, biro hiyo katika vyuo vingi vya mashariki haiko. Katika utaratibu wa zamani biro ilikuwa ya chuo cha Marekani. Sasa sheria inasema: kila mtu na biro yake. Na hakuna aliyesema biro ya Mkongomani itajengwa kwa pesa gani.

Hebu msikilizaji afuate safari ya dosye moja. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja juu ya malaria au mpox, taasisi lazima iandikishwe katika tovuti ya serikali ya Marekani inayoitwa SAM.gov, ipate namba yake ya utambulisho, ambayo toka Aprili 2022 imechukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS. Uandikishaji huo lazima urudiwe kila mwaka. Mwaka mmoja ukisahau, mlango unafungwa. Halafu inajiandikisha Grants.gov, na tena katika mfumo wa NIH unaoitwa eRA Commons. NIH yenyewe inashauri watu waanze angalau wiki sita kabla, na wenye uzoefu wanasema ni vizuri zaidi kuanza mapema kuliko hapo. Yote kwa Kiingereza. Bajeti kwa dola. Profesa aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari na chuo kikuu kwa Kifaransa, anapaswa kueleza mawazo yake katika lugha ya nne, mbele ya wasomaji ambao wana dosye nyingine nyingi mezani.

Juu ya lugha kuna jambo lingine dogo lenye miiba. Toka tarehe 25 Septemba 2025 NIH imesema haitakubali maombi ambayo sehemu kubwa imetungwa na akili ya kompyuta. Sababu inaeleweka: kuna watu walikuwa wanatuma maombi kwa makumi, yakiandikwa na mashine. Lakini mtafiti wa Bukavu anayeandika kwa Kifaransa na kupitisha maandishi yake katika mashine ya kutafsiri atalala usingizi gani baada ya kusoma sharti hilo? Mawazo ni yake, maneno ya Kiingereza yametoka kwa mashine. Wenye pesa wangeandika sentensi moja tu ya kuwatofautisha watu hao wawili, wangewaondolea wengi hofu.

Katika uandikishaji pia inatakiwa hati ya kuonyesha jina la kisheria na anwani ya mahali taasisi ilipo. Kwa mtu wa Nairobi au Dar es Salaam hilo ni jambo la asubuhi moja. Kwa taasisi ya Goma au Bukavu, toka mwanzo wa 2025, wizara yake iko Kinshasa, jengo lake liko hapa, na katikati kuna mstari wa vita. Karatasi ipigwe muhuri wa nani? Mkurugenzi anayechukua karatasi kwa upande mmoja anaogopa kuulizwa na upande mwingine. Hakuna fomu ya Washington yenye kisanduku cha kueleza hali hiyo.

Halafu banki. Banki za Goma zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, wakati mapigano yalipoingia mjini, na uwanja wa ndege ukafungwa vilevile. Wakaaji walibaki na pesa za simu, na makato yake kila mtu anayajua, au kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. Mama anayeuza mboga Virunga amejifunza kuishi hivyo. Lakini ufadhili wa serikali ya Marekani hauwezi kutumwa kwa simu ya mhasibu. Unataka akaunti yenye jina la taasisi, na risiti, na taarifa ya banki ya kila mwezi. Chuo kisichokuwa na banki inayofanya kazi kimeondolewa katika orodha kabla ya mtu yeyote kusoma kama wazo lake ni zuri au baya.

Kuna kitu cha kushangaza katika kalenda. Fomu mpya za NIH, pamoja na masharti mapya ya programu za mafunzo, zilianza kutumika kwa maombi ya kuanzia tarehe 25 Januari 2025. Ni wiki ile ile ambayo Goma ilikuwa inasikia mabomu. Wakati vyuo vya nchi nyingine vilikuwa vinajifunza jinsi ya kujaza sehemu mpya inayoeleza namna walimu wenyewe watakavyofundishwa kulea wanafunzi, walimu wa hapa walikuwa wamelala chini kwenye sakafu na watoto wao. Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Programu za mafunzo zina sharti jingine ambalo ni la zamani, na ambalo vita imelifanya kuwa zito mara kumi: majedwali ya wanafunzi. Anayeomba pesa za kufundisha lazima aonyeshe aliwahi kufundisha nani, mtu huyo alichapisha nini, na yuko wapi leo. Ni sharti lenye akili, kwa sababu bila hilo mtu anaweza kusema amefundisha mia wakati amefundisha wawili. Sasa mwalimu wa Goma aulizwe wanafunzi wake wako wapi. Mmoja yuko Kampala anatafuta kazi ya aina yoyote. Mwingine yuko Bunia. Mwingine alikuwa anasaidia katika kituo cha afya cha kambi ya Bulengo, na kambi hiyo ilivunjwa Februari 2025 pamoja na zile za Kanyaruchinya na Rusayo, naye akaondoka na watu wake, simu ikazimika. Jedwali litaonyesha nafasi tupu, na msomaji wa mbali atafikiri mwalimu alishindwa.

Familia zilizopita katika kambi hizo zinajua nini kilikuwa hatarini. Mwaka 2024, mpox ilipoingia kambini Kanyaruchinya, mama alipeleka mtoto mwenye vipele na aliambiwa angoje majibu. Majibu yale yalitoka labo ya INRB hapa Goma. Aina mpya ya mpox yenyewe iligunduliwa kwa watu wa Kamituga, Kivu Kusini, katika mwaka 2023, na kwa sababu kulikuwa na Wakongomani wanaoweza kusoma virusi hivyo herufi kwa herufi, dunia ilijua kwamba si mpox ile ya zamani. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Januari 2025, vita ilipofika mjini, Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulionya kwamba labo hiyo ya Goma yenye sampuli za Ebola isiguswe na mapigano. Watu wa labo wana hesabu zao za hofu ambazo wengine hawazijui.

Wazee wanakumbuka upande mwingine wa historia. Mwaka 1976, Ebola ilipotokea Yambuku, daktari kijana Jean-Jacques Muyembe alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, na sampuli za ugonjwa ule zikasafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya kutunzia chai. Kongo haikuwa na mahali pa kuzisoma. Mwaka 2018 sampuli za Mangina zilisomwa Kinshasa, na muda mfupi baadaye zikaanza kusomwa Beni kwenyewe. Septemba 2025 Ebola ilipotokea Bulape, Kasai, dawa ile iliyotoka kwa mtu wa Kikwit ilikuwa tayari. Kati ya chupa ya chai na labo ya Beni kuna miaka 42. Mashine ni sehemu ndogo ya miaka hiyo. Sehemu kubwa ni watu waliofundishwa mmoja mmoja, polepole, na wengine wao waliondoka kabla ya kumaliza kwa kukosa pesa.

Turudi kwenye pesa za biro, maana hapo ndipo penye fundo. NIH kwa muda mrefu imezilipa taasisi za nchi za nje asilimia 8 tu juu ya gharama za kazi yenyewe, kwa ajili ya utawala. Ufadhili wa dola 100 000 kwa mwaka unaleta karibu dola 8 000 za biro. Hapo ndani mtoe mhasibu, mkaguzi, intaneti, mafuta ya jenereta, karatasi, ulinzi. Kwa programu za mafunzo vyuo vya Marekani navyo vinapewa asilimia 8, mtu atasema ni usawa. Lakini chuo cha Marekani kina biro tayari, iliyojengwa miaka mingi kwa pesa za tafiti nyingine ambazo asilimia yake ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Mmoja anapewa asilimia 8 ya kununua rangi ya nyumba yake, mwingine anapewa asilimia 8 ileile na kuambiwa ajenge nyumba.

Matokeo yake yanaweza kutabiriwa bila kuwa nabii. Pesa za moja kwa moja zitafika kwa wale wenye biro: taasisi chache za Afrika Kusini, Uganda, Kenya, na kwa Kongo huenda Kinshasa peke yake. Vyuo vya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, ambavyo zamani vilipata nafasi ndogo kwa kushika mkono wa mwenzao mkubwa, vitapoteza hata mkono huo. Na magonjwa hayatafuata pesa kwenda Kinshasa. Yatabaki Mangina na Kamituga.

Hata mwenye mfuko mwenyewe hana uhakika wa kesho. Katika bajeti ya mwaka 2026, Ikulu ya Marekani ilipendekeza kwa Bunge lake kitengo cha Fogarty kifutwe kabisa. Pendekezo si sheria, na Bunge la Marekani lina tabia ya kukataa mapendekezo mengi. Lakini mwalimu anayetaka kumwahidi kijana miaka minne ya masomo ya udaktari wa falsafa hawezi kuahidi juu ya pendekezo.

Kuna wanaosema kwamba katika wakati wa njaa haifai kulilia pesa za watafiti. Familia haina unga, kituo cha afya hakina paracetamol, misaada ya USAID ilikatwa toka mwanzo wa 2025, na hapa watu wanazungumza juu ya mafunzo ya biolojia? Hoja hiyo ina uzito, hasa ikitoka kwa mtu aliyelala na njaa. Lakini wanaoisema mara nyingi si yeye. Aliyelala na njaa kambini ndiye wa kwanza kuuliza ugonjwa wa mtoto wake unaitwa nani, na kwa nini majibu yanachelewa. Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri ilipata watu 3 470 na kuua 2 287.

Kwa hiyo nini kifanyike? Kwa wenye pesa, ombi ni dogo. Anayetaka taasisi ya Kongo ijibu yenyewe ailipe kwanza miaka miwili ya kujenga biro, kabla ya kuihukumu kwa dosye. Aliyeanza masomo chini ya utaratibu wa zamani aachwe amalize chini ya utaratibu huo. Na katika majedwali ya wanafunzi wawekwe mahali pa kuandika neno "vita".

Kwa Kongo yenyewe maneno lazima yawe makali zaidi. Aprili 2001 huko Abuja marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kongo haijawahi kufika huko. Haiwezekani nchi yenye kobalti na dhahabu kama hii ikose mishahara ya wahasibu kumi wa utafiti na walimu watano wa Kiingereza. Vyuo navyo visijifiche nyuma ya serikali. Mashariki kuna Chuo Kikuu cha Goma, Chuo Rasmi cha Bukavu, Chuo Katoliki cha Bukavu, kile cha Graben Butembo, kile cha Bunia, na Kisangani kwa mbali kidogo. Kila kimoja kinataka rekta wake, muhuri wake, gari lake. Biro moja ya pamoja ya maombi, iliyo mahali penye banki inayofanya kazi, Bunia kwa mfano au Kisangani, ingeweza kuwahudumia wote. Watasema haiwezekani kwa sababu ya kugombania nani atakuwa mkuu wake. Wakigombania hilo, basi nusu ya lawama wasiipeleke Washington.

Kwa kijana mwenye diplome ya tiba au biolojia, na kwa chuo kinachotaka kujaribu, kuna jambo moja la kujua leo. Kuandikisha taasisi SAM.gov, Grants.gov na eRA Commons ni bure. Hakuna hata dola moja ya kulipa. Mtu yeyote anayeomba malipo "ya kuharakisha namba ya Marekani", hata akionyesha karatasi yenye bendera, anauza kile ambacho hakiuzwi. Barua pepe za namna hiyo zinatumwa mara nyingi kwa taasisi zilizojiandikisha karibuni, au ambazo mwaka wao wa uandikishaji unakaribia kwisha.